Karakana za RV zinazobandika fibaglasi mpya juu ya plaiwudi iliyooza: huu si ukarabati, ni ulaghai

Wanajamvi, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninawaandikia hasa wenzangu tulioko Marekani ambao tumenunua RV, zile trela za kulala safarini, kwa fedha za jasho letu. Ukuta wa ubavuni wa trela yangu ulituna chini ya dirisha. Niliipeleka katika karakana moja hapa Minnesota, nikalipa gharama kamili ya kubadilisha paneli, na majira ya baridi yalipokwisha uvimbe ulikuwa umerudi palepale, mkubwa kuliko wa kwanza, na ukuta unabonyea kwa kidole.

Ukuta wa trela nyingi za aina hii ni tabaka zilizogandishwa pamoja kwa gundi: nje kuna fibaglasi, nyuma yake plaiwudi nyembamba ya milimita chache tu, kisha povu gumu lililojazwa katikati ya fremu ya alumini, halafu plaiwudi nyingine upande wa ndani. Mvua huzuiwa na fibaglasi hiyo pamoja na utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata, uliolazwa chini ya fremu za madirisha, taa za nje na mikanda ya alumini ya kwenye pembe. Butili ikikauka na kupasuka, maji hupenya, plaiwudi huyanyonya, gundi huachia na fibaglasi hutuna. Chanzo chaweza kuwa mbali na uvimbe wenyewe, hata kwenye kona ya paa, kwa sababu maji huteremka ndani ya ukuta kabla ya kujionyesha.

Kwa hiyo fundi mwaminifu huanza kwa kutafuta maji yanapoingilia. Hupitisha kipima unyevu ukuta mzima, hung'oa dirisha na mikanda, hubandua fibaglasi, huondoa plaiwudi yote iliyooza na kuacha fremu na povu vikauke kabisa kabla ya kugandisha chochote. Kazi hiyo ni ya polepole na ni ghali, nami sikuikataa bei yake.

Nilipomwita fundi mwingine aufungue ukuta mbele ya macho yangu, tulikuta plaiwudi ileile, nyeusi kwa kuvu, ikiwa bado na majimaji, na fibaglasi mpya imebandikwa juu yake. Dirisha halikuwa limeguswa. Butili ya kiwandani ilikuwa bado ipo, imekatikakatika, na kuizunguka fremu walikuwa wamepaka silikoni. Silikoni! Kila anayeifanya kazi hii anajua kwamba karibu hakuna kitu kinachoshika juu ya silikoni, hivyo atakayekuja kuziba ipasavyo atalazimika kwanza kuikwangua yote. Katika baridi ya huku, maji yaliyofungiwa ndani huganda, hutanuka na kuzidi kuachanisha tabaka ambazo bado zilikuwa zimeshikana.

Nilipowarudia, waliniambia kwamba kuvuja hakukuwa sehemu ya kazi waliyopewa. Nauliza: paneli hubadilishwa kwa sababu gani nyingine, ikiwa si maji? Ankara yao imeandika wazi kwamba plaiwudi mpya iliwekwa, nami ninazo picha zinazoonyesha kwamba haikuwekwa. Bima nayo imekataa, kwa hoja kwamba uharibifu wa maji yanayopenya polepole haumo katika mkataba, na hili wenye karakana wanalijua vizuri, ndiyo maana hawana hofu.

Nimekwisha kuwaandikia barua ya kudai fedha zangu, na wasipojibu nitakwenda mahakama ya madai madogo. Wanajamvi ambao mmewahi kushinda kesi ya namna hii, naomba mnieleze ni ushahidi gani ulioisaidia, na kama maelezo ya maandishi ya fundi wa pili yalitosha au ilimlazimu afike mwenyewe mbele ya hakimu. Na ambaye trela yake iko karakana sasa hivi, aende leo akadai kuuona ukuta ukiwa wazi, apige picha ya fremu ikiwa kavu, na asilipe salio kabla ya hapo.