Mtoa huduma kafunga ICMP (ujumbe wa taarifa za mtandao) yote isipokuwa ping, seva zinaganda, halafu tiketi inajibiwa "kagua programu zako"

Wakuu, nina hasira na sifichi. Naleta hapa kwa sababu kwenye tiketi nimegonga ukuta.

Tuna seva za Linux kwenye vituo viwili vya mtoa huduma mmoja, zimeunganishwa kwa kitu anachokiuza kama mtandao binafsi. Mambo yalikuwa shwari mpaka walipotangaza maboresho. Tangu hapo, ssh (ya kuingia kwenye seva kwa mbali) ya kutoka kituo kimoja kwenda kingine inaunganika halafu inaganda. Ukiiendesha kwa -vvv, mstari wa mwisho ni huu:

expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY

Hapo haisogei tena mpaka muda unaisha. rsync, ya kunakili mafaili, inayaorodhesha kisha kimya. Hifadhidata ya nakala inaonyesha imeunganishwa na ile kuu, ila data haiingii. Kila kinachotuma vitu vidogo kinapita, kila kinachotuma mzigo kinakufa.

Jibu la huduma kwa wateja: tumepiga ping, seva yako inapatikana, kagua programu zako. Tiketi ikafungwa. Nikafungua nyingine, likaja jibu lile lile neno kwa neno.

Jamani! Ping ya kawaida inabeba baiti 56 za data. Jumlisha vichwa vya ICMP na IP unapata 84. Paketi (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) ya baiti 84 inapita karibu kila mahali, haithibitishi chochote kuhusu paketi ya baiti 1500, na zinazopotea ni hizo kubwa. Mtu anayeshughulikia mitandao kila siku anatakiwa kulijua hili kabla ya kumtupia mteja lawama.

Nikawapimia mwenyewe kwenda seva ya kituo cha pili (-M do inakataza paketi kugawanywa njiani) na kuwatumia matokeo:

ping -M do -s 1472 10.20.0.5 : kimya
ping -M do -s 1449 10.20.0.5 : kimya
ping -M do -s 1448 10.20.0.5 : inajibu

1448 ukiongeza 28 za vichwa ni 1476. Kutoka 1500 zimepungua 24, ambazo ni sawasawa na kichwa cha IP cha baiti 20 na cha GRE cha baiti 4. Kwa hiyo kila dalili ni kwamba wamepitisha mtandao wetu ndani ya taneli ya GRE (inayofunga paketi ndani ya paketi nyingine) na hawakumwambia yeyote. Ukiangalia `ip link show` kwenye seva zetu, kadi zote bado zinasoma MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya 1500, na DHCP yao, inayozigawia seva mipangilio ya mtandao, haijatangaza thamani nyingine.

Taneli yenyewe siigombei. Ninachogombea ni hiki: ruta ikipata paketi iliyozidi kipimo na imewekewa alama ya DF (isigawanywe), inaitupa, kisha inamrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP aina ya 3, msimbo wa 4, ukitaja ukubwa unaopita. Utaratibu huo umeandikwa kwenye RFC 1191 (waraka wa kanuni za intaneti) tangu 1990. Kerneli (kiini cha Linux) ikiupata ujumbe inajirekebisha yenyewe, na `ip route get 10.20.0.5` inakuonyesha MTU ya 1476. Sisi tumeacha tcpdump ikisikiliza:

tcpdump -ni eth0 'icmp[0] = 3 and icmp[1] = 4'

Hakuna kitu. Faiwoli yao inaruhusu ping na majibu yake, nyingine zote inazitupa kwa jina la usalama. Usalama gani huo unaomnyima mtumaji taarifa kwamba mzigo wake umetupwa? RFC 2923 ya mwaka 2000 ilishaeleza ugonjwa huu huu na chanzo chake. Na kwa IPv6 ni hatari zaidi, maana kule ruta za njiani hazigawanyi paketi kabisa. Ukifunga ujumbe wa Packet Too Big umeua mawasiliano ya kila mwenye njia nyembamba.

Kwa yeyote aliyekwama kama sisi, kinachotushikilia kwa sasa ni kupunguza kwenye njia hiyo tu, pande zote mbili, ili njia nyingine zibaki na 1500:

ip route replace 10.20.0.0/16 via 10.10.0.1 mtu 1476 advmss 1436

Amri hiyo inafutika seva ikizimwa na kuwashwa, kwa hiyo iandike pia kwenye Netplan au chochote unachotumia kupanga mtandao. `net.ipv4.tcp_mtu_probing=1` nayo inasaidia, lakini ni kwa TCP peke yake, na inaanza kupunguza baada ya paketi kutumwa tena na tena bila jibu, kwa hiyo kila muunganisho unaanza kwa kusuasua.

Wenye Docker (programu ya kuendesha kontena), angalieni sana. Daraja lake la mtandao linabaki na MTU ya 1500 hata kama seva umeishusha, hivyo kontena linatangaza MSS (kiasi cha data kwa paketi moja ya TCP) ya 1460, na upande wa pili unalitumia paketi kubwa zinazofia kwenye taneli. Kuweka MTU ndani ya daemon.json kunagusa daraja la msingi tu. Mitandao uliyounda mwenyewe inataka `com.docker.network.driver.mtu` kila mmoja. Hii imetulaza macho sana.

Na tafadhali, asije mtu kutuambia tuweke MTU ya 9000 ili kasi iongezeke. Hiyo inafaa pale ambapo kila kifaa cha sehemu hiyo, swichi pamoja, kimekubali 9000. Hapa hata 1500 haipiti.

Ninachodai kwao ni kidogo: wafungue aina ya 3 msimbo wa 4, na Packet Too Big kwa IPv6, watangaze 1476 kwenye DHCP au wapandishe kipimo cha mtandao unaobeba taneli mpaka 1524, na tiketi ishikwe na mtu anayejua -M do ni nini. Kama kuna mdau aliyewahi kumbana mtoa huduma mpaka akafungua, aeleze alipitia kwa nani na alipeleka ushahidi gani. Mwenye dalili kama zetu aweke matokeo ya `tracepath -n` hapa, tuwapelekee yote kwa pamoja.