Wenye ndege ndogo, tupeane uzoefu: vibali vya kila mwaka vinatugharimu kiasi gani?

Mwenye Cessna, Wilson
Ndugu zangu, nimetoka hanga, banda la ndege hapa Uwanja wa Wilson, Nairobi, leo nikiwa na ankara mkononi na moyo mzito. Cheti changu cha ubora wa kuruka kinaisha mwezi ujao, na kama mjuavyo, huhuishwa kila baada ya miezi 12, iwe ndege imeruka saa 20 au saa 200. Mwaka huu yangu imeruka saa 31 tu. Nimejumlisha ada, ukaguzi, bima, leseni ya redio na maegesho, nikagawanya kwa saa hizo, nikakuta kila saa ya hewani imenigharimu mara tatu ya bei ya mafuta niliyochoma. Naomba kila mmoja aeleze yaliyomkuta.

Rubani wa Ukunda
Umesema kweli tupu, mzee. Yangu iliruka saa 26.

Mfugaji, Laikipia
Swali lako limenirudisha mahali nisipopenda kurudi. Ada yenyewe si mzigo mkubwa. Kinachotumaliza ni kusubiri. Wakati wa ukaguzi, fundi aliyekuja hadi shambani aliingiza hewa ya shinikizo la paundi 80 kwa inchi ya mraba kwenye silinda ya tatu, na mshale wa geji ukasimama kwenye 48. Aliniita nitege sikio kwenye bomba la ekzosi, nikasikia hewa ikivuja kwa mluzi mwembamba: valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeungua. Silinda iliagizwa Marekani, ikakwama forodhani wiki tano, na ilipofungwa, tarehe ya mkaguzi ilikuwa imepita, hivyo nikalipa ada ya ukaguzi mara ya pili.

Injini ilikuwa inanguruma vizuri, ikisubiri sahihi moja, siku mchunga mifugo wangu alipochomwa pembe na nyati pajani. Ndege ya wagonjwa ilikuwa imeshatumwa kwingine. Nilifungua mlango wa ndege yangu, nikakaa, nikashika ufunguo, kisha nikashuka. Tulimbeba kwa Land Cruiser kwa saa nne na nusu, safari ambayo angani ni dakika 25. Kijana yu hai, lakini mguu ulikatwa. Cheti kilifika siku nne baadaye.

Kapteni mstaafu
Pole sana, ndugu. Mimi ningeruka. Uhai wa mtu hauwezi kusubiri karatasi.

Mama wa Hanga Tatu
Kapteni, kwa heshima zote, usiwafundishe vijana hivyo. Bila cheti, bima haina nguvu, na silinda mpya haijaruka hata saa moja. Injini ingezima juu ya miti, tungezika watu wawili. Mfugaji alifanya uamuzi mgumu na sahihi.

Kapteni mstaafu
Dada, sikuzungumzia vijana. Nilizungumzia damu iliyokuwa ikimwagika.

Mfugaji, Laikipia
Naomba msigombane kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe bado sijapata jibu.

Rubani wa Ukunda
Turudi kwenye gharama. Mimi nimeamua kuruka kidogo zaidi mwakani ili kuokoa fedha za mafuta.

Mama wa Hanga Tatu
Hapo utapoteza zaidi, mwanangu. Kwenye injini za Lycoming, kemshafti, ule mtaimbo unaofungua valvu, iko sehemu ya juu ndani ya injini. Ndege ikikaa bila kuruka, oili huteremka na chuma hubaki kikavu, na hewa ya chumvi ya Pwani haina huruma. Nimewahi kufungua injini iliyokuwa na saa 600 tu, ilhali mtengenezaji anaruhusu 2,000, nikakuta kutu imekula kemshafti nzima. Iruke kila wiki hadi oili ipate moto sawasawa.

Mmiliki mpya
Je, si afadhali kuuza Cessna na kununua ndege yenye injini ya Rotax 912, inayotumia petroli ya gari?

Rubani wa Ukunda
Ukitua mahali penye mafuta ya ndege yenye risasi pekee, itabidi uyatie hayo, na ukiyazoea, oili utaibadilisha kila saa 25. Afadhali utafute wenzako watatu mmiliki ndege moja. Cheti kimoja hugawanywa kwa wanne.

Kapteni mstaafu
Nilimiliki na wenzangu watatu. Wote tuliitaka Jumamosi, na siku ya kulipa hakuna aliyepokea simu. Ushauri wangu ni kumwita fundi miezi miwili kabla cheti hakijaisha, mapema kuliko unavyoona inafaa.

Mwenye Cessna, Wilson
Nimempigia fundi sasa hivi. Kesho asubuhi anaanza na silinda zote nne. Amenikumbusha pia kwamba beteri ya kifaa cha dharura cha megahezi 406, kile kinachowaita waokoaji ndege ikianguka, inaisha muda wake Machi. Mwenye kujua inapopatikana hapa Nairobi, bila kuiagiza nje, tafadhali anieleze.