Msaada wa haraka: mbwa kala zabibu kavu, nimpe maziwa?

Segerea_Mwisho: Wakuu habari za usiku, mbwa wangu mdogo, kama kilo 8 hivi, kachana mfuko wa zabibu kavu za keki kala karibu zote, haijapita hata nusu saa. Yuko fresh tu anatingisha mkia ila nimewahi kusikia zabibu ni sumu kwao. Jirani anasema maziwa au maji ya chumvi atapike, nifanyeje jamani, watoto wanampenda sana huyu.

Babu_Mbagala: Pole mkuu. Mnyweshe maziwa alale. Wa kwetu huku wanakula kila kitu na wanadunda.

DadaMifugo: Babu shikamoo, ila hapo hapana. Maziwa hayaondoi sumu ya zabibu, na chumvi ndo mbaya zaidi, ikizidi mwilini mbwa anapata degedege na anaweza kufa kwa hiyo tiba yenyewe. Zabibu zinapiga figo. Leo utamuona mzima, kesho anatapika na kukataa chakula, siku ya pili ya tatu mkojo unakata na hapo figo zimeshaumia. Wapo wanaokula wasipate kitu na wapo wanaokula chache tu wakafa, huwezi jua wako ni yupi, kwahiyo USISUBIRI DALILI. Mpigie dokta wa mifugo saa hii, mwambie uzito, kala kiasi gani na saa ngapi, na ule mfuko ubebe. Masaa mawili ya mwanzo ndo ya maana, atamchoma sindano ya kumtapisha halafu dripu ya kulinda figo.

Segerea_Mwisho: Nimempata, tupo kwenye bajaji.

Kijana_wa_Tegeta: Zabibu mbichi zile za Dodoma nazo ni hivyo hivyo. Na ukwaju pia, maana tangu 2021 wataalamu wanahisi kinachoua ni asidi ya tartariki na ukwaju umejaa hiyo, msimwagie mabaki ya juisi.

Segerea_Mwisho: Katapishwa, zimetoka zimevimba nyingi bado nzima kabisa. Kabaki na dripu, damu watapima tena kesho kutwa. Asanteni sana. Sasa dada, na makoko ya pilau je? Ndo chakula chake kila Jumapili.

DadaMifugo: Afadhali umewahi! Pilau acha, vitunguu na swaumu hata vikipikwa vinavunja chembe nyekundu za damu, ufizi unapauka na mkojo unakuwa wa kahawia siku kadhaa baadae. Mpikie ugali na dagaa bila kiungo chochote.