Je, mafuta ya samaki yanazuia kalsiamu kuganda kwenye figo?

MamaRehema
Habari zenu ndugu. Ultrasaundi imeonyesha kwamba mume wangu ana chembe za kalsiamu ndani ya figo zote mbili, na bado tunasubiri vipimo vya kutafuta chanzo. Shemeji ametushauri tuache mafuta ya alizeti na kununua mafuta ya samaki. Je, ushauri huo una msingi?

Mlishe
Pole sana, dada. Msingi upo, ingawa ni mwembamba. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ni ya kundi la mafuta liitwalo omega-6, na mwili huweza kuigeuza kuwa asidi ya arakidoniki, ambayo nayo huzaa prostaglandini E2, kemikali inayohusishwa na figo kupitisha kalsiamu nyingi kwenye mkojo. Omega-3 za samaki hushindana na arakidoniki kupata nafasi katika kuta za seli, na ndiyo maana panya wa maabara waliolishwa mafuta ya samaki walionekana kuwa na kalsiamu pungufu iliyoganda kwenye figo. Kwa binadamu matokeo hayakuwa hivyo: utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2005 haukuona kwamba wanaokula omega-3 nyingi hupata mawe machache ya figo. Kula vibua na dagaa ni jambo jema, lakini msiwategemee kama dawa.

Bakari_K
Naongeza jambo ambalo naliona zito kuliko alizeti. Tafadhali soma chupa kabla ya kununua, kwa sababu mafuta ya ini la chewa yana vitamini D, na vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu, jambo ambalo lenyewe huweza kuharibu figo. Kwa mtu ambaye chanzo chake hakijajulikana, ambaye huenda tatizo lake liko kwenye tezi za parathiroidi (tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu ya damu) au katika namna figo zinavyotoa asidi, si busara kumpa chupa hiyo kabla daktari hajaona majibu ya kalsiamu ya damu na ya mkojo ya saa 24.

MamaRehema
Asante kaka. Je, maziwa nayo tuyaache?

Mlishe
Msiyaache kwa kukisia, dada. Kalsiamu ya chakula hushikana tumboni na oksaleti, kemikali ya mimea inayochangia mawe ya figo, ile iliyojaa kwenye mchicha, ikatoka na choo badala ya kufika kwenye figo. Kama kalsiamu ya damu iko juu, daktari ndiye atakayepanga kiasi. Kwa sasa punguzeni chumvi, maana sodiamu nyingi huongeza kalsiamu kwenye mkojo, na mumeo anywe maji ya kutosha mpaka mkojo wake uwe mweupe, isipokuwa kama daktari amemwekea kikomo.