Star Wars: galaksi nzima, ukoo mmoja tu?

Mashabiki wenzangu, uvumilivu umenishinda. Nimeupenda mfululizo wa filamu za Star Wars tangu utotoni, nimeutetea mbele ya watu wanaouita michezo ya vijiti vinavyowaka, na kwa hiyo naamini ninayo haki ya kuuliza kwa hasira: hivi katika galaksi yote ile, yenye sayari zisizohesabika, ni ukoo mmoja tu, wa akina Skywalker, unaostahili kusimuliwa?

Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1977, kijana aliyelelewa jangwani, Luke Skywalker, alijiunga na waasi wanaopigana na himaya akalipua kituo cha vita chenye uwezo wa kuangamiza sayari. Mwaka 1983 kilijengwa kituo cha pili, nacho kikalipuliwa, tukanyamaza kwa kuwa hadithi ilikuwa inafungwa. Mwaka 2015 tukaletewa binti aliyekulia jangwani pamoja na silaha ya tatu, safari hii ikiwa imechimbwa ndani ya sayari nzima, na bado ikawa na pahali padogo pa kupigwa ili yote iteketee. Ama kweli wahandisi wa himaya ile hawajifunzi.

Lakini kilichoniudhi zaidi si mabomu. Katika filamu ya mwaka 2017, binti huyo, Rey, aliambiwa kwamba wazazi wake walikuwa watu wasio na jina, wauza vyuma chakavu waliomuuza wapate pesa ya kulewea. Nilifurahi mno, kwa maana hatimaye mtu wa kawaida alikuwa amepewa Nguvu, ile nishati ya ajabu wanayoitumia mashujaa wa hadithi hii, bila kuirithi kwa mtu yeyote mashuhuri. Furaha hiyo ilidumu miaka miwili tu. Mwaka 2019 walimrudisha Palpatine, mtawala mwovu wa himaya, ambaye sote tulimwona akitupwa shimoni mwaka 1983, wakatueleza kwamba amerudi kwa namna fulani tu, kisha wakamfanya Rey kuwa mjukuu wake. Mwanafunzi akiandika insha ya namna hiyo atarudishiwa daftari lake.

Naambiwa kwamba mawazo yamekwisha. Sikubali. George Lucas mwenyewe, muasisi wa Star Wars, alieleza kwamba alichota kwa Akira Kurosawa, mwongozaji wa filamu wa Kijapani, ambaye katika filamu yake ya mwaka 1958 alisimulia safari ya jenerali na binti wa mfalme kwa macho ya wakulima wawili wagomvi, na ndiyo maana filamu ya kwanza ya Star Wars inatufungulia na roboti wawili wanaobishana. Mfululizo huu ulianzia kwa wanyonge, kabla haujatekwa na nasaba.

Basi turudi kwa roboti hao. Wanauzwa na kununuliwa kama mbuzi, wanafungwa kidude kifuani ili wasitoroke, na mwenye baa katika mji wa Mos Eisley anakataa hata kuwaona mlangoni. Mwishoni mwa filamu ya mwaka 2005 inatolewa amri kwamba kumbukumbu za C-3PO, mmoja wa roboti hao wawili, zifutwe, na jambo hilo zito linapita kwa sentensi moja, tena kama mzaha. Mimi nataka filamu nzima juu ya sentensi hiyo: roboti fundi wa karakana, aliyekwisha kufutwa kumbukumbu asijue mara ngapi, ambaye siku moja anafungua kifua cha roboti mwenzake aliyeharibika na kukuta humo sauti yake mwenyewe, ikimwonya asimwamini bwana wake. Jedi, wale mashujaa wenye Nguvu na panga za mwanga, wa kazi gani hapo?

Au wafikirieni askari kloni, waliozalishwa kama nakala za mtu mmoja. Mwaka 2002 tulionyeshwa kwamba 200,000 walikuwa tayari na milioni moja wengine walikuwa wakiandaliwa, wote wakiwa na sura moja na wakikuzwa kwa kasi isiyo ya kawaida. Vita ilipokwisha, sinema haikutaka tena kujua habari zao. Hebu mpeni mjane mmoja nafasi ya kufungua mlango na kumkuta mzee mwenye sura ileile ya askari aliyemuua mumewe, asiweze kujua kama ndiye au ni mmoja wa maelfu, na mzee mwenyewe, kwa kuwa siku ile alitii amri iliyopandikizwa kichwani mwake, asijue ajibu nini.

Wala tusidanganyane kwamba watazamaji hawataki mambo hayo. Andor, tamthilia ya Star Wars ya mwaka 2022 na 2025, ilitukalisha tukitazama makarani, wafungwa na wapelelezi, bila Jedi yeyote kuinua upanga wa mwanga, na sikumbuki kuona mtu akisinzia.

Na kama ni lazima turudi jangwani tena, basi turudi kwa wale wakulima wanaovuna maji hewani, katika mwaka ambao mitambo yao haikutoa hata tone, majirani wameanza kuviziana usiku, na yatima mwenye kipaji asiwepo kabisa.