Tarakimu za pumzi za wanafunzi zinasema nini hasa?

Mwalimu wa michezo, Wete

Assalaamu alaykum. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiwapima wanafunzi wa skuli yetu kwa mbio za mita 20 za kwenda na kurudi, zile ambazo spika hutoa mlio na mtoto hutakiwa awe ameshafika mstarini kabla ya mlio unaofuata. Tunaanza na kasi ya kilomita 8.5 kwa saa, na kila dakika tunaongeza nusu kilomita mpaka mtoto ashindwe kuwahi. Kasi ya mwisho na umri wake ninavitia katika kanuni ya mtafiti Léger ya mwaka 1988, nikapata makadirio ya mililita za oksijeni ambazo mwili unaweza kutumia kwa kila kilo moja kwa dakika.

Mvulana mmoja alipokuwa na miaka 12 alifikia kasi ya 10.5, akapata 45.4. Mwaka huu ana miaka 13, amefikia kasi ile ile, na kanuni inanipa 43.8. Wasichana wa miaka 14 na 15 nao wameshuka karibu wote, na mzee mmoja amekuja kuniuliza kama binti yake ana maradhi ya moyo. Nimjibu nini?

Mkufunzi wa ualimu, Unguja

Wa alaykumu ssalaam, Maalim. Kwa huyo mvulana usitafute maradhi, tafuta hesabu. Umri umo ndani ya kanuni yenyewe, na kwa kasi hiyo ya 10.5 kila mwaka unaoongezeka huondoa mililita 1.6 hivi, hata kama mtoto amekimbia sawasawa na mwaka jana. Sababu yake ni kwamba mtoto mdogo hutumia oksijeni nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake ili kwenda kasi ile ile, na kadiri anavyokua ndivyo ukimbiaji wake unavyopungua gharama. Kwa hiyo kilichoshuka ni makadirio. Hakuna ushahidi kwamba pumzi zake zimepungua.

Jambo la pili ni huko kugawa kwa kilo, ambako hata wataalamu wenye maabara wamekulalamikia kwa miaka mingi. Chukua mtoto wa kilo 30 ambaye anatumia lita 1.5 kwa dakika: kwa kila kilo anapata mililita 50. Akifika kilo 45 huku anatumia lita 2.1, uwezo wa moyo na misuli yake umeongezeka kwa asilimia 40, lakini kwenye daftari lako atasomeka 46.7, na mtu asiyejua atasema amezorota. Kwa wasichana hali hii huonekana zaidi, kwa kuwa baada ya kubaleghe sehemu ya uzito unaoongezeka ni mafuta, ambayo hubebwa katika mbio bila ya kusaidia kukimbia, ilhali wavulana huongeza misuli na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Tena watoto hawabaleghe kwa tarehe moja. Wawili wa miaka 13 wanaweza kuwa mmoja bado mtoto na mwenziwe keshakuwa kijana. Mimi binafsi sina raha na majedwali yanayowapanga kuwa hodari na dhaifu kwa umri wa cheti cha kuzaliwa peke yake.

Kocha wa vijana, Chake Chake

Nakubaliana na Mkufunzi, ila kwa kazi yangu mimi huhesabu mara ngapi mtoto amevuka zile mita 20, basi, wala sigusi kanuni yoyote. Mchezo haumpunguzii mtu mzigo kwa sababu ni mnene. Ninalosisitiza ni kwamba hali ziwe zile zile. Ukimpima Februari saa saba mchana, jua la kaskazi likiwaka, kisha ukampima Julai baada ya alasiri, umepima hali ya hewa zaidi kuliko mtoto. Vivyo hivyo mchanga na sakafu ya saruji. Na angalia marafiki: mmoja akiacha, wa pili naye huacha, wala hajachoka.

Muuguzi, Mkoani

Maalim, huyo mzee mwambie kwamba mbio hizi hazigundui maradhi ya moyo. Muulize kama binti amewahi kuzimia au kuumwa kifua akiwa anakimbia. Kama ndiyo, amuone daktari kabla ya kukimbia tena. Kama siyo, na idadi ya mivuko yake mwenyewe imeanguka ghafla, mimi ningeanza na kupima damu. Oksijeni hubebwa na hemoglobini, na huku kwetu damu hupungua kwa hedhi, kwa minyoo, kwa kichocho na kwa lishe duni, achilia mbali watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, ambao hawafai kabisa kusukumwa mpaka mwisho wa nguvu zao.

Vilevile usitumie ile hesabu ya mapigo ya juu ya moyo, 220 kutoa umri, ili kujua kama mtoto amejitahidi. Mapigo ya juu ya watoto na vijana wengi hukaribia 200 na hayabadiliki sana katika miaka hiyo.

Mwalimu wa michezo, Wete

Nawashukuru sana. Nimerudi kwenye daftari: huyo binti amevuka mara 31, na mwaka jana 29, kwa hiyo hakushuka hata kidogo. Nitampelekea mzee wake daftari lenyewe alione. Swali la mwisho: nikiwafanyisha mazoezi kwa miezi mitatu, nitarajie nini?

Mkufunzi wa ualimu, Unguja

Utarajie kidogo. Kwa watoto, mazoezi mazuri kwa wastani hupandisha kilele cha oksijeni, yaani kiasi kikubwa kabisa ambacho mwili unaweza kutumia, kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Mivuko inaweza kuongezeka kuliko hapo, kwa kuwa watakuwa wamejifunza kugeuka mstarini na kutomaliza nguvu katika dakika ya kwanza. Wafanyie mbio za majaribio mara mbili kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza.