Dashibodi ya Triumph TR6 imekwisha: niagize ubao mpya, nichongeshe hapa Mombasa, au nivike reksini?

baharini_tudor
Salaam wakuu. Nina Triumph TR6 ya 1972, gari ya Uingereza isiyo na paa, ile ya injeksheni, silinda sita, imekaa kwetu miaka mingi na injini iko sawa, bodi nayo ishapigwa rangi, kilichobaki kunitia aibu ni dashibodi. Vinia ya walnati, yaani lile ganda jembamba la mbao lililobandikwa juu ya ubao, imefanya nyufa ndogo ndogo kote, vanishi inabanduka magamba ukiikwaruza kwa kucha, na upande wa abiria juu ya kile kijikabati ubao umefura kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yaingia kwenye kona ya kioo. Halafu kile kipande cheusi cha juu chenye sponji kimepasuka pande mbili, sponji ya manjano iko nje na ukiigusa inamwaga unga.

Nimeona njia nne. Kuagiza Uingereza ubao mpya ambao ushatobolewa matundu yote. Au seremala wa hapa achonge mwingine akifuata wa zamani. Au kubandua vinia peke yake na kubandika mpya juu ya ubao ule ule. Au nivike reksini nyeusi kila mahali nisahau mambo ya mbao. Gari naiendesha, si ya maonyesho, wikendi Nyali mpaka Mtwapa, mara moja moja Malindi. Nani amefanya hii kazi kwa jua letu la huku? Ushauri wa watu wa Uingereza nimeusoma mwingi lakini wao gari inalala kwenye gereji ya baridi, hapa ukiiacha nje mchana hata stelingi haishikiki.

msumeno_changamwe
Yakhe usiagize kitu kabla hujautoa huo wa zamani ukaugeuza nyuma. Mbele ni urembo tu, nyuma ndiko kwenye habari. Chukua bisibisi nyembamba udunge pole pole pale palipofura, ikiingia kama inaingia kwenye mkate wa mofa basi tabaka za plaiwudi zishaachana na hapo hata ubandike vinia ya dhahabu, mvua mbili tatu mwinuko utarudi pale pale. Ubao uliofura haurudi chini. Ukikuta nyuma ni pakavu na pagumu, bandua vinia tu, pasi ya moto na kitambaa kibichi, gundi ya zamani inalegea unaitoa kwa kikwangua.

Sasa kwa ulivyoeleza mimi naona wako umeshakufa ile pembe, kwa hivyo uchongwe mwingine. Plaiwudi chukua ya maji ya ukweli, ile ya mashua, si hii madukani wanayoita marini ambayo ni ya kumwagia zege la slabu, hiyo ndani ina mianya na ukitoboa tundu la geji unakutana na shimo. Na usikubali emudiefu (MDF), ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, hata ikiwa bei ni nusu. Emudiefu ikinyonya maji pembeni inavimba na haina dawa, na unyevu wa huku hauhitaji mvua, upepo wa bahari pekee unatosha.

bi_spitfire
Naunga mkono hapo kwa emudiefu. Mimi nina Triumph Spitfire 1500, yangu niliagiza ubao mzima kutoka Uingereza, na ulikaa vizuri wallahi, matundu yote mahali pake, skrubu ziliingia bila kulazimisha. Lakini kabla ya kulipa nilimuuliza muuzaji swali moja tu, ndani yake ni plaiwudi ama emudiefu, maana wapo wanaouza za aina zote mbili na picha zafanana kabisa, zote zinang'aa. Uliza kwa maandishi. Asipojibu wazi mwache.

Jambo la pili ni nauli. Watu wa kurusha vifurushi kwa ndege hawaangalii uzito wa mzani peke yake, wanapima boksi. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5000, wanalipisha inayozidi. Boksi la sentimita 135 kwa 35 kwa 12 linahesabiwa kilo 11 na kitu hata kama ubao wenyewe ni mwepesi wa kubeba mtoto. Ongeza ushuru, ongeza VAT asilimia 16, utashangaa nauli na kodi zimeikaribia bei ya ubao. Ukiweza kuungana na mwenzako anayeleta kontena, subira yake ina faida.

kijana_bamburi
Kwani lazima mbao? Kuna makava ya plastiki yanabandikwa juu ya dashibodi ya zamani kwa silikoni, unamaliza mchana mmoja. Ama aluminiamu, unakata bati moja safi, unaweka geji za kisasa za skrini, waya zinapungua na gari inakuwa na sura ya mashindano. Mbao kwenye gari ni mambo ya wazee bana.

mzee_kilindini
Kijana wangu, ukitaka geji za skrini ziko gari tele bandarini pale zinashuka kila wiki, ya nini kumsumbua huyu? TR6 ilitoka kiwandani Coventry na mbao, tangu mwisho wa 1968 mpaka 1976, na ukiuliza mnunuzi yeyote atakwambia kitu cha kwanza anachoangalia akifungua mlango ni hiyo mbao. Kava la plastiki kwa jua hili linajikunja kingo, silikoni inaachia katikati, halafu unyevu unakaa chini yake unaendelea kuoza ukiwa huuoni. Reksini juu ya mbao vile vile, unaficha ugonjwa.

Nakuongezea kitu ambacho wengi hukosea, nawaona hata kule Nairobi kwenye Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong. Mbao ya TR6 haikuwa ya kung'aa kama meza ya sebuleni. Ilikuwa na mng'ao mdogo tu, karibu mati, yaani isiyong'aa. Watu wanapiga lakeri nene ya kioo mpaka unajiona uso, na siyo sura tu ndugu yangu, hiyo gari haina paa, jua la saa saba likipiga kwenye lakeri ya kioo linakurudia machoni ukiwa kwenye daraja la Nyali na matatu iko mbele yako.

kijana_bamburi
Hahaha sawa mzee, nimeshindwa. Lakini kwa kile kipande cha sponji cha juu reksini si ndiyo yenyewe?

mzee_kilindini
Hapo umenena.

fundi_waya_makupa
Nyinyi mwazungumza mbao, mimi nitazungumza kilicho nyuma, maana gari hizi zinaletwa kwangu baada ya seremala kumaliza, na geji zimekuwa wendawazimu.

Kwanza betri. Si kuzima swichi, ni kufungua waya wa betri kabisa. Yako ya 1972 ina ameta, ile geji inayoonyesha chaji kuingia na kutoka, na nyuma ya ameta kuna nyaya nono za kahawia, zina moto saa zote hata ufunguo ukiwa mfukoni, na hazina fyuzi. Ncha moja ikigusa fremu ya chuma utanusa moshi kabla hujajua umefanya nini.

Pili geji ya oili. Hiyo si ya umeme, oili yenyewe inapanda kwa mrija mwembamba mpaka nyuma ya geji. Ukifungua ile nati ndani kuna kipete kidogo cha ngozi cha kuziba oili, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kinapenda kudondoka kwenye kapeti. Kikipotea ukafunga bila hicho, oili itakudondokea kwenye viatu kila ukiwasha. Na mrija wa plastiki wa zamani umekauka kwa joto, ukiukunja unapasuka, bora ubadilishe wakati uko wazi.

Tatu, hii ndiyo inawapoteza watu. Chuma hupitisha erthi, mbao haipitishi. Geji zako zote zinapata erthi kwa nyaya nyeusi zinazofungwa pamoja na vile vishikio vya nyuma, zile nati za kukaza kwa vidole. Na kuna kiboksi kidogo cha bati kinachopunguza volti za betri ziwe wastani wa 10, kwa ajili ya geji ya petroli na ya joto. Kiboksi hicho kikikosa erthi kinaachilia volti zote za betri ziende kwenye geji, basi petroli inaonyesha tangi limejaa wakati unakaribia kusukuma, na joto linaonyesha injini inachemka. Mtu anaenda kununua themostati, anafungua rejeta, kumbe ni waya mweusi mmoja haukurudishwa.

Rangi za Lucas hazibadiliki ovyo, ukizijua hupotei. Nyekundu yenye mstari mweupe ni taa za geji, kijani ni moto wa ufunguo uliopita kwenye fyuzi, nyeusi ni erthi. Piga picha, halafu funga karatasi kwenye kila waya uandike, maana miaka hamsini ya vumbi imefanya rangi zote kuwa kijivu na picha pekee haitakusaidia.

msumeno_changamwe
Ahsante fundi, hiyo ya erthi sikuijua. Na mimi nimkumbushe mwenye gari unene. Plaiwudi mpya pamoja na vinia isizidi unene wa ule wa zamani, swichi zina shingo fupi, ubao ukizidi milimita mbili tu nati ya mbele haipati nyuzi za kushika. Matundu ya geji ndogo ni kama milimita 52, holisoo, ule msumeno wa mviringo wa drili, ya 51 inakaribia halafu malizia na msasa uliozungushiwa kijiti. Toboa kutoka upande wa mbele, taratibu, na ubao wa kukinga nyuma, la sivyo vinia inachanika kingo.

baharini_tudor
Mmenifungua macho wote, shukran. Kwa hivyo kuagiza ubao mzima naona nauli itaniumiza. Sasa nauliza, vinia ya walnati hapa nitaitoa wapi? Seremala wangu wa Mji wa Kale ni hodari sana wa milango na makasha lakini ameniambia yeye ana mvule na mkangazi, walnati hana.

bi_spitfire
Vinia peke yake agiza. Inakunjwa mviringo inaingia kwenye mrija wa karatasi ngumu, uzito wake si kitu na boksi ni dogo, ile hesabu ya 5000 haikuumizi. Omba vipande vinavyofuatana vya gogo moja ili mbele ya dereva na mlango wa kijikabati vilingane mistari. Agiza na cha ziada, vinia za sasa nyingi ni milimita 0.6, msasa ukiteleza kidogo tu unaona plaiwudi chini. Mvule mimi singeweka, mzuri lakini rangi yake si ya walnati, haitafanana na gari.

msumeno_changamwe
Sahihi kabisa bi. Na mwambie fundi wako asitumie kontakti, hii gundi ya viatu. Najua ndiyo rahisi, lakini ikipata joto la gari iliyofungwa inalainika na vinia inainuka mapovu. Atumie gundi ya mbao isiyoogopa maji, abane ubao wote kwa vibano na mbao bapa juu mpaka ikauke sawasawa. Halafu nyuma ya ubao pia kupigwe vanishi, na ndani ya kila tundu, ukipaka mbele tu ubao utajikunja kama upinde kwa sababu upande mmoja unanyonya unyevu na mwingine haunyonyi.

baharini_tudor
Na ya mwisho juu iwe nini, klia ya magari, ile lakeri isiyo na rangi, ama vanishi ya mashua?

mzee_kilindini
Wale wa mashua Mtwapa watakwambia vanishi yao, ina kinga ya jua na inanyumbuka na mbao, ila ni laini, kidole chenye pete kinaiacha alama na inachukua muda mrefu kukauka. Klia ya magari ya kuchanganya na hadena ni ngumu zaidi, wachanganyaji rangi wanayo, uwaambie mati. Mimi ningeweka klia. Mwenye gari ya kufunika kila siku aweke anachopenda.

fundi_waya_makupa
Yoyote utakayoweka, ubao ukauke kabisa kabla hujaniletea. Sitaki kufunga geji huku vidole vinanata.

baharini_tudor
Haya basi. Plaiwudi ya mashua, vinia ya kuagiza, klia mati, na cha juu kiende kwa fundi wa viti akijaze sponji mpya akivike reksini ya kuvutika isiyong'aa. Kona ya kioo naziba kwanza kabla ya yote. Fundi wa Makupa nakutumia ujumbe pembeni unipangie siku, na uniambie huo mrija wa oili ninunue wa aina gani.

fundi_waya_makupa
Ule uliofumwa waya nje. Lakini pima urefu kwanza kwa kamba, kutoka kwenye injini mpaka kwenye geji na kona zake zote, usije ukaleta mfupi.